Vali Iliyonyamaza



Baridi ikianza kupungua Uingereza, wenye magari ya kale huyatoa bandani. Miezi yote ya theluji yamelala chini ya turubai, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hula mabati bila huruma. Sasa jua limerudi, boneti zinafunguliwa, na Jumamosi asubuhi mtaa mzima unajua nani gari lake limewaka na nani bado anahangaika na hendeli.

Asubuhi moja ya namna hiyo nilikuwa katika gereji ndogo pembezoni mwa mji wa Oxford. Binti mmoja aliingia na Morris Minor ya kijivu aliyoachiwa na babu yake. Alikuwa na furaha tele. Alimweleza fundi, mzee ambaye angeweza kuwa rika la babu huyo, kwamba miaka yote gari lilikuwa likigonga tiki-tiki-tiki mara tu linapowashwa, lakini mwaka huu limetulia, halina kelele tena. Alichotaka ni kubadilishiwa oili tu, aende zake. Fundi hakuifurahia habari hiyo. Aliinama, akatega sikio karibu na injini, akasikiliza kwa muda, kisha akamuuliza kwa upole: limenyamaza tangu lini?

Ndugu yangu, naomba wiki hii tukae na swali hilo.

Kwa msomaji asiyeifahamu, Morris Minor ni kale kagari kadogo ka mviringo ambako wazee wetu wengi waliwahi kukaona, maana magari ya Kiingereza ya miaka ile, Morris, Austin na Land Rover, yalishushwa kwa wingi katika bandari zetu. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1948, ikaundwa kiwandani Cowley, Oxford, na ikawa gari la kwanza la Uingereza kuvuka milioni moja. Aliyeibuni ni Alec Issigonis, mzaliwa wa Smyrna, mji ambao leo ni Izmir ya Uturuki, aliyefika Uingereza akiwa kijana mkimbizi. Inasimuliwa kwamba gari la mfano lilipokamilika aliliona jembamba kupita kiasi. Akaagiza likatwe katikati, tangu mbele mpaka nyuma, kisha nusu zile mbili zikasogezwa mbalimbali kidogo kidogo hadi jicho lake liliporidhika. Nafasi iliyoongezeka ilikuwa inchi 4, kama sentimita 10. Bampa zilikwisha kutengenezwa kwa upana wa mwanzo, kwa hiyo magari ya awali yalitoka kiwandani na bampa zilizokatwa na kuungwa kipande katikati. Ukikutana na Minor leo, itazame boneti yake. Ule mkanda bapa unaopita katikati ni alama ya nafasi ile iliyoongezwa.

Nimeanza na nafasi kwa sababu ndani ya injini pia habari ni ya nafasi, ila huko inapimwa kwa nywele.

Injini hiyo, iliyoitwa A-Series, ilianza kutumika mwaka 1951 katika Austin A30, ikaingia kwenye Minor mwaka uliofuata, na iliendelea kuundwa kwa ukubwa mbalimbali mpaka Mini ya mwisho ya umbo la zamani ilipotoka kiwandani mwaka 2000. Si injini ya maajabu. Ina silinda nne na vali nane, yaani kila silinda ina mlango mmoja wa kuingizia mchanganyiko wa hewa na petroli, na mlango mwingine wa kutolea moshi. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila vali inafunguka na kufunga mara 1,500 katika dakika hiyo hiyo. Hapo gari liko kwenye mwendo wa kawaida tu, halijakanyagwa.

Sasa ifikirie vali ya eksozi. Yenyewe ndiyo inayopitiwa na moto kila mara; gari likipanda mlima na mzigo, chuma chake kinaweza kuiva hadi kuwa chekundu. Inawezaje kustahimili mamilioni ya mara bila kuungua? Siri yake ni kukaa. Kila inapofunga, ukingo wake unakaa barabara kwenye siti yake, chuma kwa chuma, na katika kitambo hicho kifupi cha kukaa joto linapita kutoka kwenye vali kwenda kwenye silinda hedi, na kutoka huko linachukuliwa na maji ya rejeta. Ikinyimwa kukaa, haipoi.

Ili ikae, inahitaji nafasi. Juu ya vali kuna mkono mdogo wa chuma, roka, unaoisukuma ifunguke. Kati ya ncha ya roka na ncha ya vali fundi huacha uwazi mdogo sana, inchi 0.012, kama milimita 0.3, na huupima injini ikiwa baridi. Ni unene wa karatasi tatu za daftari hivi. Chuma kikipata joto kinarefuka. Uwazi ule ndio unaomeza urefu huo, ili vali ibaki na uhuru wa kurudi mpaka mwisho na kutulia kwenye siti yake. Ule mlio wa tiki-tiki ni roka ikivuka uwazi na kuigusa vali. Injini ya namna hii ikiwa na afya, huwa inasema kidogo.

Uwazi ukizidi, mlio unakuwa mkubwa na vyuma vinapigana. Hilo nalo ni baya, lakini angalau unalisikia. Uwazi ukipungua, mlio unafifia. Ukiisha kabisa, kimya. Ndipo roka inabaki imeikalia vali, vali inashindwa kufunga barabara, na moto unaanza kupenya pale pembeni na kuula ukingo wake. Kwa masikio ya mwenye gari, injini haijawahi kuwa tulivu kama sasa. Mafundi wanaozijua injini hizi hukuambia wazi: kama ni lazima ukosee kidogo, kosea upande wa mlio kusikika.

Gari la yule binti lililala gerejini usiku ule ili lipoe. Asubuhi mzee alifungua kifuniko cha roka, akachukua fila, kile kijibati chembamba cha kupimia, akajaribu vali moja baada ya nyingine. Kwenye ya nne kijibati kiligoma kuingia. Silinda hedi ilipofunguliwa, vali ya nne ilikuwa imelika ukingoni upande mmoja, nyeusi, na mahali pamoja imeng'oka kipande kama ukucha wa mtoto. Zile tatu nyingine za eksozi zilikuwa nzima. Fundi aliiweka vali hiyo mkononi mwa binti bila kusema lolote la kumlaumu, naye aliigeuzageuza kwa muda mrefu.

Mpendwa, katika huduma yangu nimeketi na familia nyingi. Watu wanaonijia wakizozana, mmoja akimkatiza mwenzake, sauti zikipanda, hawanitishi sana. Wanaonitisha ni wale wanaokaa kila mmoja pembe yake ya kochi, wakaniambia kwa adabu kwamba nyumbani hakuna tatizo, siku hizi hatugombani. Mume anatamka neno hilo kama mtu anayeonyesha cheti. Mke anatazama zulia. Hapo natamani kuuliza kama yule mzee: mmenyamaza tangu lini?

Je, yupo nyumbani mwako mtu aliyekuwa akilalamika, naye siku hizi ameacha? Mama uliyemwacha kijijini, aliyekuwa akikugombeza kwa kutopiga simu, sasa ukipiga anasema tu, hapana shida mwanangu, najua mna kazi. Kijana aliyekuwa akibishana nawe kila jioni, sasa anajibu, sawa baba, na kuingia chumbani. Rafiki aliyekuwa akikuambia ukweli unaouma, siku hizi anakusifu. Tunaweza kumshukuru Mungu kwa utulivu huo. Tunaweza pia kujiuliza kama umetokana na amani au na mtu kukata tamaa ya kusikilizwa.

Sisemi kwamba kila ukimya ni ugonjwa. Kuna watu waliopatanishwa kweli, ambao maneno yao yamepungua kwa kuwa kuelewana kumeongezeka, na ukiingia kwao unaona raha hata kabla hujaketi. Wala sisemi mtu asiyenung'unika atafutiwe sababu ya kunung'unika. Nasema tu kwamba masikio hayatoshi. Mzee wa gereji hakuhukumu kwa sauti. Alichukua fila, akapima.

Naomba tuuangalie tena ule uwazi wenyewe, maana kuna jambo limenigusa. Unawekwa injini ikiwa baridi, kabla gari halijatoka, kabla hujajua kama leo utakutana na mlima au tambarare. Fundi hasubiri joto lije ndipo aone kama chuma kinastahili nafasi. Anajua tu kwamba joto litakuja.

Mtume Paulo aliwaandikia Waefeso na Wakolosai wachukuliane na kusameheana, na ukizisoma sura hizo taratibu, Waefeso ya 4 na Wakolosai ya 3, utaona hataji ugomvi wa fulani na fulani. Anawaandaa. Alijua kwamba watu wanaoishi karibu watakoseana, kwa hiyo aliweka msamaha miongoni mwa mavazi ya kila siku, pamoja na upole na uvumilivu. Sisi mara nyingi tunafanya kinyume. Tunasubiri kosa litokee, damu ichemke, halafu tunaanza kutafuta moyoni kama tuna msamaha wa kumtosha huyu. Jioni ya namna hiyo ni vigumu kuupata. Ingekuwaje kama asubuhi, kabla ya chai, ungesema mbele za Mungu: leo mke wangu atachoka na atanijibu vibaya, nami nimekwisha kumwachia nafasi? Ingekuwaje kama naye anakuachia wewe?

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba kupendana ni kubanana mpaka pasipite hata upepo. Mume anataka kujua kila ujumbe ulioingia kwenye simu. Mzazi anamchagulia kijana masomo, rafiki na hatimaye mchumba. Nia ni njema, nakubali. Lakini mtu asiyeachiwa mahali pa kurudi na kutulia ataungua, hata kama anayembana anampenda kwa dhati, na huenda asipige kelele hata siku moja.

Labda unajiuliza uwazi wa vali ya nne ulipotelea wapi, ikiwa babu alikuwa mtunzaji mzuri. Hili lina historia yake. Injini za miaka ile zilitengenezewa petroli yenye risasi. Risasi iliacha utando mwembamba juu ya siti za vali, na utando huo ukazilinda zisilike. Mwishoni mwa mwaka 1999 petroli hiyo iliondolewa katika mauzo ya kawaida Uingereza. Kwetu Afrika kusini mwa Sahara iliachwa kufikia Januari 2006, na mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Nairobi, lilitangaza kwamba haiuzwi tena kwa magari popote duniani. Ilikuwa haki iondoke, kwa kuwa risasi ilikuwa ikiwadhuru watoto wetu. Ila injini kuukuu zilibaki bila ulinzi. Siti zikaanza kulika, vali zikazama ndani kidogo kidogo, na kila vali ilipozama, ncha yake ilipanda kuifuata roka. Hakuna aliyekaza chochote. Uwazi ulijifunga wenyewe.

Nimeona nyumba nyingi zikipitia hali hiyo. Kuna kitu kilikuwa kinawalinda bila wao kujua. Pengine ni bibi aliyekuwa akiishi nao na kuwatania wanapokasirikiana. Pengine ni ile safari ya pamoja ya daladala kwenda kazini, nusu saa ya mazungumzo kila asubuhi, mpaka mmoja alipohamishwa kituo cha kazi. Pengine ni ibada ya jioni iliyokoma watoto walipokwenda shule za bweni. Mabadiliko yenyewe yalikuwa mema, au hayakuepukika, na hakuna wa kumlaumu. Mafundi leo hupachika siti za chuma kigumu zaidi, au mwenye gari hutia dawa maalumu kwenye tangi, na maisha yanaendelea. Wewe katika nyumba yako, ni ulinzi gani umeondoka, na umeweka nini mahali pake?

Tuje kwenye kuseti tapeti kwenyewe, yaani kuupima na kuurekebisha ule uwazi, kazi ambayo ningependa kila mzee wa kanisa aiangalie walau mara moja. Vali haziguswi ovyo. Ipo kanuni wanayoiita ya tisa. Unaizungusha injini kwa mkono mpaka vali ya nane iwe imefunguka kabisa, ndipo unaiseti ya kwanza. Ya saba ikifunguka, unaiseti ya pili. Ya sita kwa ya tatu, ya tano kwa ya nne, na kurudi. Kila jozi jumla yake ni tisa. Sababu ni kwamba vali ya nane inapobeba mzigo wote, ya kwanza imepumzika kabisa, haisukumwi na chochote. Ukiigusa ikiwa katikati ya kazi, kipimo chako ni uongo.

Basi tunapotaka kumrekebisha mtu, tunamrekebisha akiwa wapi? Mara nyingi ni akiwa chini ya mzigo: anaingia mlangoni kutoka kazini, amebeba mtoto, ana simu ya bosi sikioni, nasi tunaanza kumweleza kasoro zake. Ingefaa mmoja abebe kwanza. Osha vyombo, walaze watoto, lipa hiyo bili, mwenzako apumzike kabisa, ndipo mzungumze.

Na injini iwe baridi. Hapa najua utaniuliza: je, Paulo hakusema jua lisituchwee na hasira? Ndiyo, alisema, nami silipunguzi neno lake. Lakini kuiacha hasira ni jambo moja, na kumaliza mazungumzo ni jambo jingine. Unaweza kumwambia mwenzako usiku wa saa nne, nimeshaiweka chini hasira yangu, bado nakupenda, haya mengine tuyazungumze kesho tukiwa tumetulia. Mkalala. Nimewaona watu waliong'ang'ania kuyamaliza yote kabla ya usingizi, saa nane za usiku wakawa wamesema mambo ambayo miaka kumi haijayafuta.

Kuna tendo jingine dogo la fundi ambalo halionekani upesi. Kila roka ina skrubu na nati ya kuifunga. Fundi anaishika skrubu kwa bisibisi, anapitisha fila mpaka ahisi inavutwa kidogo tu inapopita, kisha anakaza nati kwa spana. Mara nyingi, nati inapokaza, skrubu nayo inageuka unywele mmoja, na kipimo kimeharibika palepale mbele yake. Kwa hiyo anapitisha fila tena. Ikibana, analegeza na kuanza upya. Yule mzee nilimwona akiirudia vali moja mara kadhaa bila kuguna.

Petro alimwuliza Bwana Yesu kama kusamehe mara saba kunatosha, naye akajibiwa kwa hesabu iliyomkatisha tamaa ya kuhesabu. Zamani nilidhani jibu lile linahusu makosa mengi. Siku hizi nadhani linahusu pia kosa moja. Umemsamehe ndugu yako jambo la shamba la urithi, umesali, mmepeana mikono, umefunga. Wiki mbili baadaye unapita shambani, unaona mipaka, na kifua kinabana tena. Je, hukusamehe? Ulisamehe. Kipimo kimesogea wakati wa kukaza, na inabidi upitishe fila tena. Usijichukie kwa hilo. Mungu hakushangai.

Kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli, nitaitaja kwa kifupi, ingawa vijana wengi wa gereji ndiyo wanayoikimbilia kwanza. Ya Minor ni SU, iliyobuniwa na ndugu wa ukoo wa Skinner mwanzoni mwa karne ya ishirini. Ukoo huo ulikuwa wa wauza viatu, na kabureta zao za kwanza zilikuwa na mvukuto wa ngozi ndani yake. Ni rahisi kuichezea: nati iko pale chini, unaigeuza kidogo na injini inabadili mlio hapo hapo. Hapo ndipo mtego ulipo. Utaratibu ni kwamba unaanza na vali, unafuata plagi, kisha pointi za distribyuta na wakati wa cheche, na kabureta inakuja mwisho. Ukianza nayo, unaweza kuongeza petroli ili kuficha cheche dhaifu. Gari litatembea vizuri kwa wiki moja, halafu plagi zitakuwa nyeusi tititi. Nami nimewaona waumini wakitia bidii katika yale yanayosikika haraka, sauti ya maombi, urefu wa mfungo, huku kule ndani kuna ndugu ambaye hawajasalimiana tangu msiba wa mwaka juzi. Bwana wetu alishasema kuhusu kuiacha sadaka madhabahuni na kwenda kupatana kwanza. Alikuwa anatupangia utaratibu.

Jambo moja zaidi kuhusu sheria za kule. Magari mengi ya Uingereza hupita ukaguzi wa usalama kila mwaka, unaoitwa MOT. Tangu Mei 2018, gari lililotimiza miaka 40 na ambalo halikubadilishwa sana limesamehewa ukaguzi huo. Mwenye gari bado anawajibika lisiwe hatari barabarani, ila hakuna anayemwita. Wapo wanaolipeleka kukaguliwa hivyo hivyo, kwa hiari. Babu wa yule binti alikuwa mmoja wao. Kwenye daftari lake, aliloliacha ndani ya gari, kulikuwa na tarehe na vipimo vya kila vali kwa penseli, mpaka mwaka ambao mkono wake ulianza kutetemeka.

Ukiwa umeoa au umeolewa miaka mingi, nawe hakuna anayekukagua. Harusi ilikuwa na kamati na mashahidi. Mwaka wa ishirini na tano hauna. Mtoto akiishakuwa mtu mzima, hakuna mwalimu wa kukuita shuleni kuuliza mnaendeleaje. Ni saa hizo ambazo upendo unakuwa wako kweli, kwa kuwa unautunza bila kusukumwa. Na kama umeuacha ukachakaa, hutakiwi kuanza na toba kubwa ya machozi mbele ya watu. Fungua kifuniko, pima.

Lakini kabla hujaenda kwa mwingine, kaa wewe kwanza. Katika Luka sura ya 10 Martha alikuwa na mambo mengi ya kweli ya kufanya, wageni ni wageni, na mtu lazima apike. Yesu hakuidharau kazi yake. Alimwonea huruma kwa kuwa alikuwa akiungua, na dada yake alikuwa ameketi. Mtu anayewahudumia wengine bila kurudi na kuketi mbele za Mungu, apoe, asamehewe, huanza kuwaunguza hao hao anaowahudumia. Chukua dakika chache alfajiri. Huna haja ya maneno mengi.

Halafu, siku ambayo mwenzako amepumzika na wewe hujakasirika, muulize: kuna jambo uliacha kuniambia? Ukishauliza, usiendelee kuongea. Usijitetee likitajwa, wala usilijibu kwa kutaja la kwako. Hilo lina siku yake. Pengine atasema hakuna, kwa sababu ameshazoea kusema hakuna. Mshukuru, umkaribishe chai, na baada ya wiki kadhaa muulize tena.